Shemeji Mubarak na Jumamosi ya Pili

Nyumbani kwa shemeji yangu Mubarak, ghorofa ya pili mtaa wa Malaz mjini Riyadh, mtu anaruhusiwa kusema karibu kila kitu. Mimi nimemwambia usoni kwamba pilau yake haina chumvi, kwamba kanzu zimembana tumbo, na kwamba akilala anakoroma kama kompresa bovu. Hajanuna. Mimi ni kaka wa marehemu mkewe, na mashemeji wasipotaniana watu huuliza kuna ugomvi gani. Lakini kuna jambo moja ambalo kwa miaka kumi na tano halikutamkwa ndani ya nyumba ile, nalo ni nani alichukua kombe la mpira wa Australia mwaka 2010.

Shemeji hakutaka kujua. Na si kwamba hakujali. Angekuwa hajali, mambo yangekuwa mepesi kwetu sote. Fainali ya mwaka ule aliiona kwa macho yake, uwanjani, Melbourne. Ikaisha sare, ikapangwa irudiwe Jumamosi iliyofuata. Hiyo ya pili hakuiona, na akatupiga marufuku sote kumwambia ilikwendaje. Siku moja kwenye kliniki ya macho alikutana na nesi wa Kiaustralia, na nesi aliposikia jina la Melbourne akaanza kumsimulia kwa furaha. Shemeji akaziba masikio kwa vidole akasoma dua ya safari kwa sauti ya juu, mpaka yule mama wa watu akatoka chumbani.

Mimi najua nani alishinda. Nimeyabeba matokeo yale miaka yote hii na, nasema kweli, mara nyingi yalikaribia kunitoka kwa hasira. Maana kuna jambo jingine ambalo shemeji hakulifanya: hakuwahi kukanyaga kwenye kaburi la dada yangu. Mke aliyeishi naye karibu miaka thelathini, na hajui amelazwa wapi. Halafu kila mwaka ananikalisha kitako ananisimulia mpira.

Nianze mbele kidogo, ili asije mtu akamwona shemeji ni mwehu. Mubarak aliletwa Jedda kutoka Unguja mwaka 1964, mtoto wa miaka sita, ameshikwa mkono na bibi yake. Alikulia mtaa wa Bani Malik kama sisi, enzi ambazo kule kwetu unaweza kupita nyumba hadi nyumba, kutwa nzima, usisikie neno la Kiarabu ila adhana. Alijifunza ufundi wa mafriji na viyoyozi. Alikuwa akiingia kwenye nyumba ya mtu haulizi kitu; anaweka kiganja ubavuni mwa friji, anainamisha kichwa, anasikiliza. Friji letu liliharibika mara tatu mwaka mmoja, na mama yetu akaanza kushuku kwamba anayelitengeneza ndiye anayeliharibu. Alikuwa hajakosea. Mwaka uliofuata tukamwoza dada yangu Mwanamize, na friji halikuharibika tena.

Mtoto wao mkubwa ni Lina. Lina alikuwa na kichwa chepesi, akapata skolashipu ya serikali kwenda kusomea udaktari wa meno Melbourne. Na wakati ule sheria ilikuwa moja: msichana wa Kisaudia haendi kusoma ng'ambo ila awe na maharimu wake, yaani mwanamume wa damu asiyeweza kumwoa, akae naye huko mpaka amalize. Mwanamize hakuweza kuondoka kwa sababu alikuwa akimuuguza mama yetu, ambaye hatoki kitandani. Na hata angeweza, mama si maharimu. Basi Mubarak akafunga sanduku la vifaa vyake, akastaafu mapema, akaenda.

Hebu fikiria mtu aliyefanya kazi tangu hajaota ndevu, umtie kwenye fleti ya vyumba viwili katika mji wa baridi, umwambie kazi yako ni kuwapo. Lina akitoka asubuhi, baba amekaa. Akirudi jioni, baba amekaa. Alitengeneza kila kitu mle ndani, hata visivyoharibika. Vilipokwisha akashuka chini kwa jirani, mzee mmoja akiitwa Allan aliyekuwa zamani dereva wa tramu, akamtengenezea friji lake. Allan akataka kumlipa. Mubarak akakataa. Allan akakuna kichwa, akaingia ndani akatoka na skafu yenye rangi nyekundu, nyeupe na nyeusi, akamvisha shingoni, na Jumamosi ile akamchukua kwenda kutazama mpira.

Timu yenyewe ni St Kilda. Ina zaidi ya miaka mia tangu kuundwa na imechukua kombe mara moja tu. Ndiyo timu ambayo shemeji yangu angeipata, maana ana bahati hizo.

Na mchezo wenyewe, mimi nilishasema na narudia, ni vurugu. Uwanja ni wa duara refu kama sinia la biriani, mkubwa mpaka mtu wa upande wa pili humtambui. Wachezaji kumi na wanane kila upande. Mpira wana haki ya kuudaka, kuupiga teke, kuusukuma kwa ngumi, na mwenzao akiwa nao wanamrukia wakamwangusha. Goli halina nyavu wala mwamba wa juu. Ni nguzo nne zimesimama. Mpira ukipita kati ya zile mbili za katikati, pointi sita. Ukikosa ukapita pembeni, kati ya nguzo ya ndani na ya nje, unapewa pointi moja. Nilimwambia shemeji, "Mpira gani huu, mtu anakosa halafu analipwa?" Akanijibu kwa upole kabisa, "Vuai, wee ukikosa hulipwi kitu, ndo maana una hasira."

Sasa ile fainali. Tiketi ilikuwa ya mke wa Allan, aliyekuwa kalazwa kwa ajili ya goti. Wapinzani ni Collingwood, watu wa mistari myeusi na myeupe. Nimeisikia hadithi hii mara nyingi mpaka naiota, na lazima nikiri kwamba kila anapofika sehemu fulani mimi naacha kutafuna.

Kwanza watu. Watu laki moja mahali pamoja. Shemeji ni mtu aliyehiji, umati si kitu kigeni kwake, lakini anasema alipotokeza kwenye ngazi akaona uwanja umemwagika chini yake, alisimama akaziba njia, Allan akamvuta mkono. Nusu ya kwanza Collingwood waliwapeleka mbio. Nusu ya pili St Kilda wakaanza kurudi, pointi moja, pointi sita, moja tena, na ule umati ukaanza kutoa sauti ambayo anasema hajui kuieleza, aliisikia kwenye meno. Mwishoni kabisa akaruka kijana mmoja wa St Kilda. Aliruka kutoka katikati ya kundi la watu, akapanda juu ya mabega yao, akaudaka mpira kule juu. "Alikaa kule," shemeji husema, na mkono wake huwa juu, hauteremki. "Watu wanaruka wanashuka. Yule alikaa. Nikasema subhanallah, nani kamshikilia?"

Akafunga. Collingwood wakajibu. Zikabaki dakika chache na St Kilda wako nyuma kwa pointi moja. Mtu akapiga mpira mrefu kuelekea goli, na mbele ya nguzo kuna mwenzake peke yake, anaungoja udunde aingie nao. Hapa shemeji huchukua tende kwenye sahani, kwa sababu mpira wao umeumbwa hivyohivyo, akaiangusha juu ya sinia kutuonyesha. Tende huenda inakotaka. Na mpira ulikwenda ulikotaka: ulidunda kushoto, ukampita yule jamaa pembeni, ukatoka kwenye nguzo za pointi moja. Sare. Kila upande sitini na nane. Wakahangaika dakika moja zaidi, king'ora kikalia.

"Kimya," shemeji husema. "Watu laki moja, Vuai. Kimya. Wachezaji wamekaa chini kwenye majani, hapana anayecheka, hapana anayelia. Hapana anayejua afanye nini. Hawana muda wa nyongeza wala penalti. Wanamwuliza refa, refa anawatazama tu. Nikamwuliza Allan, sasa je? Akanambia, Jumamosi. Na watu wote wale wakasimama, wakatoka taratibu, wamenyamaza kama wanatoka msikitini. Mie sijapata kuona kitu kikubwa namna ile. Umma mzima umekubali kwamba haijesha."

Hapo ndipo hadithi yake inapokwisha. Yangu inaanzia hapo.

Katikati ya wiki ile Mwanamize alikuwa amefunga sita za Shawwal, kule Bani Malik. Alasiri alisema kichwa kinamuuma, akajilaza. Hakuwahi kufuturu siku ile. Mshipa wa kichwani, walituambia hospitali. Kwetu maiti hasubirishwi. Kesho yake baada ya adhuhuri tulimsalia, na mimi na mdogo wangu tuliteremka kaburini kumpokea, mimi nikiwa upande wa kichwa. Mubarak na Lina walikuwa bado angani. Walifika usiku wa pili yake, matanga yamejaa nyumba. Shemeji alikaa mahali alipowekwa, akala alichopewa, akaitikia kila aliyempa pole. Jicho lake lilikuwa kavu. Nilimwinamia nikamwambia, "Shemeji, kesho alfajiri nikupeleke."

Akasema, "Sio sasa, Vuai."

Lina alibakiwa na mitihani ya mwisho, na baba mtu alisema Melbourne hawezi kurudi. Mjomba naye ni maharimu. Basi mimi, dereva wa basi, nikaomba likizo nikaenda kukaa kwenye kiti kilekile na kuganda kwa baridi ileile mpaka mtoto akamaliza. Siku ya kwanza tu nilikutana na Allan kwenye ngazi. Alinishika mkono kwa mikono miwili kwa ajili ya dada yangu, na machozi yalimtoka kweli. Halafu akanieleza habari ya mechi ya pili kwa Kiingereza cha polepole na vidole, nikaelewa. Jioni Lina alinipitisha nje ya ule uwanja. Ulikuwa mtupu, lango moja liko wazi kwa watu wa usafi, tukachungulia. Viti vilipanda mpaka shingo ikauma. Nilijaribu kuwaza kila kiti kina mtu, na kila mtu amenyamaza, nikahisi baridi ambayo haikuwa ya hali ya hewa.

Nilimpigia shemeji ili nimpe habari. Nikasema, "Sikiliza, nimeonana na Allan."

"Usinambie," akasema. "Vuai, kwa haki ya dada yako, usinambie."

Nikafunga mdomo, na nikaufunga miaka kumi na tano. Kila mwaka nikimwambia twende kaburini, jibu ni lilelile, sio sasa. Makaburi ya Jedda hayaandikwi majina. Kuna jiwe kichwani na jiwe miguuni, basi. Anayejua ni yule aliyekuwapo. Mimi nazeeka na mdogo wangu ameshatangulia. Nilikuwa najiuliza siku nami nikiondoka, Mwanamize atatembelewa na nani, na swali hilo lilikuwa likinikera mpaka nikitazamana na shemeji naona namchukia. Sitaki kulipamba jambo hili. Nilimchukia, halafu ananikaribisha kahawa, namtania, tunacheka, halafu nikiwa kwenye basi la kurudi Jedda namchukia tena.

Lina sasa ana kliniki yake Riyadh na baba anaishi naye. Kila mwisho wa Septemba shemeji huitazama mechi ya kwanza, yote, kutoka mwanzo hadi king'ora, na mimi huja kutoka Jedda kuitazama naye, maana nisipokuja atapiga simu siku nzima. Disiki yake aliletewa na Allan kwa posta. Mwaka huu mashine ya kuchezeshea disiki ilikufa na fundi mwenyewe, macho yake yalivyo, hakuweza kuifufua. Lina akiwa kazini akampigia simu Truphena, amtafutie baba ile mechi kwenye YouTube, aiweke kwenye televisheni.

Truphena ni dada wa kazi, Mkenya wa Kakamega, Lina ndiye kafili, mdhamini wake. Yeye na shemeji hushinda wakirekebishana Kiswahili, na hakuna anayekubali kushindwa. Anapenda mpira wa miguu kuliko mimi ninavyopenda usingizi, na ule wa Australia anauona ni kichekesho.

"Baba, leo ni ile game yako ya kushikana?" aliuliza akiwa ameshika rimoti.

"Ndo hiyo. Kaa utazame, ujifunze."

"Nijifunze nini na hata hawajui extra time?" Akaandika kwa simu, akachagua, picha ikatokea kwenye televisheni. Uwanja ni uleule. Jezi ni zilezile. Akaweka tende na dalla, birika la kahawa, mbele yetu, akakaa kwenye zulia.

Mimi ile mechi ya kwanza naijua kama njia ya basi langu. Basi mchezaji alipofunga goli la mwanzo, nikaacha kunywa. Hakuwa yule. Nikatazama tarehe iliyoandikwa kwenye kona ya picha. Truphena hakujua, na angejuaje. Katika mpira wake yeye fainali ya mwaka ni moja. Zilikuwa mbili, na alikuwa amechagua ya pili.

Nilimtazama shemeji. Alikuwa ameinama mbele, uso umekunjamana. "Huyu simjui," akasema kwa sauti ndogo. "Huyu siku ile hakucheza."

Kabla sijapata la kusema, jamaa mrefu wa St Kilda akawa na mpira mbele ya goli. Yuko peke yake. Hakuna mtu karibu, nguzo zimemfungukia, anajiandaa kuupiga bila haraka. Na nyuma yake akatokea mtu wa mistari, sijui alitoka wapi, akajirusha mzima hewani na mikono mbele, na mpira ulipotoka kwenye mguu ukamgonga viganjani. Goli likafutika. Ule umati ulitoa sauti moja. Shemeji akaweka kikombe chini.

"Truphena," nikasema, "zima."

"Kwani kuna nini, uncle? Niliandika grand final 2010."

"Ziko mbili. Hii siyo yake. Zima haraka."

"Woi. Madam hakuniambia ziko mbili." Alikwisha kusimama, rimoti kaielekeza kwenye televisheni. "Baba, pole. Pole sana. Nizime?"

Shemeji hakumtazama. Aliinua kiganja chake, kile alichokuwa akikiweka ubavuni mwa mafriji, akakiweka hewani kati yake na televisheni.

"Wacha," akasema.

Tukaacha. Sijui niielezeje saa ile na ile iliyofuata. Nilikuja pale na mdomo wangu wa kila mwaka, na haukunifaa kitu. Collingwood walifunga, wakafunga tena. St Kilda walikimbia kama watu waliovaa viatu vilivyojaa maji. Kulikuwa hakuna kurudi safari hii, hakuna kijana wa kukaa hewani, mpira haukudunda kwa ajabu yoyote. Shemeji alitazama kila kitu. Wakati wa mapumziko, ambapo kila mwaka huenda kutawadha na kuniachia tende, hakuondoka. Mimi niliacha kutazama kioo nikawa namtazama yeye. Mtu aliyeogopa kitu miaka kumi na tano, na sasa kiko mbele yake, na hapepesi macho. Nilikuwa nimemwona mwoga muda wote ule. Pale nilimwona mkubwa kuliko mimi, na nikaona haya kwamba ninatafuna, nikameza.

"Baba, wenu wamechapwa," Truphena alinong'ona mwishoni. Hakuwa akicheka.

King'ora kikalia. Safari hii hapakuwa kimya; nusu ya uwanja iliruka na skafu zao nyeusi na nyeupe, na vijana wa St Kilda wakakaa kwenye majani. Namba zikaandikwa. Mia na nane kwa hamsini na mbili. Shemeji alizisoma, akatoa hesabu kwa midomo.

"Hamsini na sita," akasema. "Vuai. Ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Na hukunambia hata ulipokasirika."

"Ulinikataza."

"Ahsante," akasema. Truphena alizima televisheni. Halafu shemeji akaanza kusema, anatazama kioo kilichozimika. "Siku ile ya sare nilimpigia Mwanamize. Melbourne usiku ushaingia, Jedda adhuhuri. Nikamsimulia yote, watu, yule kijana aliyekaa juu, mpira ulivyodunda. Akanambia, sasa nani kashinda? Nikamwambia hajashinda mtu, haijesha. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema, haya, Jumamosi ikesha nipigie unambie nani kashinda, na mkifungwa usinifiche. Nikamwambia inshallah." Akajifuta pua kwa kiganja. "Ndo neno la mwisho nililomwambia mke wangu. Mie nikawa naona, madhali sijui, Jumamosi yenyewe haijafika. Yuko Jedda anangoja simu. Na kaburini ningekwenda kufanya nini? Angeniuliza, nami sina jibu."

Truphena alikuwa analia waziwazi, amejifunika uso kwa kitambaa cha kichwa.

"Sasa ninalo," shemeji akasema. "Nipeleke."

Kesho yake asubuhi tukapanda ndege, mimi nisiyependa ndege. Baada ya alasiri tulikuwa makaburini Jedda. Nilitembea mbele, ukuta wa kusini, safu ya nne, nikamwonyesha mawe mawili madogo ambayo hayatofautiani na mengine yote. Alitoa salamu kwa wote waliolala pale. Akasimama kwa dua, ndefu, na mimi nikaitikia amina. Kisha akakaa chini kwenye mchanga, mtu wa magoti mabovu, akaanza kumsimulia.

Nilirudi nyuma kidogo. Sikutaka kusikia lakini nilisikia. Alimweleza goli la kwanza. Alimweleza jamaa mrefu mbele ya nguzo, na yule aliyejirusha nyuma yake, na mikono yake ikanyooka mbele kumwonyesha. Mlinzi wa makaburi, Myemeni mwenye fagio, alipita akasimama, akatutazama. Pale hawapendi maneno mengi juu ya kaburi. Nikamwinulia mkono, nikamwambia kwa Kiarabu kwamba ni mkewe na amechelewa. Akashusha fagio, akaendelea na njia yake.

Shemeji alifika robo ya mwisho. Sauti ikaanza kukwama, akaisafisha, ikakwama tena. Akanyamaza. Nilidhani amemaliza.

"Vuai," akaita bila kugeuka.

"Labeka."

"Mwambie wewe. Mie siwezi."

Nikasogea. Mara ngapi nilikuwa nimeyatunga maneno hayo kichwani, kwenye basi la kurudi Jedda, ili nimtupie yeye yamuume. Nikachutama karibu na jiwe la kichwani, upande uleule niliosimama siku tuliyompokea.

"Mwanamize," nikasema, "tumefungwa. Tumefungwa vibaya sana."

Nyuma yangu shemeji akaanza kulia, kwa sauti, kama hakuna mtu mwingine makaburini. Sikumwambia anyamaze.